Vilima vya Kagera Vinaihusu Mwanza

Tangu Juni 19, 2025, anayetoka Mwanza kwenda magharibi hangoji tena feri. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, limeunganisha Kigongo na Busisi, na lori la kwenda mpakani Rusumo sasa linavuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache. Tulishangilia, tena kwa haki. Ila mazungumzo yaliyofuata yamekuwa ya mizigo na nauli tu. Leo tunataka kuzungumzia kule barabara inakoishia. Ngara, Karagwe na Kyerwa, ile kona ya nchi inayogusana na Burundi, Rwanda na Uganda, wengi wetu hapa mjini hatujawahi kuikanyaga. Hata hivyo, yanayotendeka kwenye vilima vile yanatufikia ziwani, na mji huu haujajenga mazoea ya kuyaulizia.

Aliyekulia kwenye mawe ya Mwanza akifika Karagwe hujikuta katika nchi ya umbo jingine kabisa. Haya matale yaliyobebana Bugando na Capri Point huko hayapo. Ipo migongo ya vilima, mirefu, imejipanga mmoja nyuma ya mwingine, ikielekea kaskazini. Mingi hupita mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, wakati uso wa ziwa letu uko kwenye mita 1,134. Juu kabisa udongo ni haba, nyasi ni fupi, na jiwe gumu jeupe linachomoza. Watu wako kwenye mteremko: migomba, kahawa, maharage, mabati yanayometa. Chini ni bonde pana lililojaa mafunjo, na maji yaliyomo humo hayana haraka. Kuikata nchi hiyo toka mashariki kwenda magharibi ni kupanda na kushuka mchana kutwa. Kuifuata kwa urefu wake ni nafuu. Njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Tabora kwenda Buganda, ilipita kwa urefu huo, na wafanyabiashara wa pwani wakaweka kituo chao Kafuro, ndani ya himaya ya Karagwe.

Mawe yenyewe yana zaidi ya miaka bilioni moja. Yalikuwa mchanga na tope chini ya maji ya kale, yakashindiliwa, yakakunjwa, yakawa mwamba. Mchanga uligeuka jiwe gumu ambalo leo ni migongo. Tope likawa jiwe laini, mvua ikalila, yakabaki mabonde. Humo humo kuna bati linalochimbwa Kyerwa kwa sururu na koleo, na nikeli ya Kabanga, Ngara, ambayo serikali na wawekezaji wameizungumzia kwa miongo kadhaa.

Sasa jambo ambalo halisemwi sana katika mji huu: vilima vile na nchi inayopakana navyo upande wa magharibi ndivyo vilivyoliumba ziwa. Zamani Mto Kagera na Mto Katonga wa Uganda ilitiririka kwenda magharibi, kuelekea bonde la Kongo. Kisha ardhi ya upande ule, kandokando ya Bonde la Ufa yalipo maziwa Edward na Albert, ikaanza kuinuka. Iliinuka polepole mno, sentimita kwa sentimita, lakini mto hauhitaji mlima mrefu ili ukwame. Mteremko ulipopotea, mito ikasita, ikageuka, na maji yakarudi mashariki kujaza sahani pana isiyo na kina. Wanajiolojia wanakadiria kwamba hilo lilitokea miaka 400,000 hivi iliyopita. Ndiyo maana Victoria, kwa ukubwa wake wote, halina kina kinachozidi sana mita 80, ilhali Tanganyika linafika mita 1,470 na umri wake ni wa mamilioni ya miaka. Katonga hadi leo umebaki katika hali ya kutojiamulia: katikati yake ni kinamasi, maji mengine yanakuja kwetu na mengine yanakwenda magharibi.

Na kazi hiyo ya ardhi haijaisha. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lililobomoa nyumba na shule za Bukoba, hata Mwanza lilisikika.

Mto Kagera unastahili kufuatwa kwa kidole kwenye ramani, maana hakuna mto wa Tanzania wenye njia ya ajabu kama yake. Vijito vyake vya mbali kabisa viko milima ya Burundi na msitu wa Nyungwe nchini Rwanda. Pale Rutovu, Burundi, kuna piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938 kutangaza kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Maji ya Burundi huja kwa Mto Ruvubu, ya Rwanda kwa Nyabarongo, yakakutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Toka hapo mto unakwenda kaskazini, ukiwa mpaka wetu na Rwanda, ukijitandaza katika vinamasi na viziwa vingi. Ukifika Uganda unapinda mashariki na kuwa mpaka wetu na nchi hiyo. Kisha unauacha mpaka, unaingia Tanzania, unashuka hadi Kyaka, na hapo, ukiwa umebakiza mwendo mfupi tu kuifikia Bukoba, unageuka tena kaskazini na kwenda kumwaga maji yake ziwani ndani ya ardhi ya Uganda. Mto unaoupa mkoa wetu wa jirani jina lake hauna mlango wake Tanzania.

Msafiri Mwingereza John Speke aliliona ziwa akiwa hapa Mwanza Agosti 1858, akalipachika jina la malkia wake, akaondoka. Ili kuelewa ziwa linapata wapi maji ilimlazimu arudi kwa njia ya vilima. Novemba 1861 alikaribishwa na Rumanyika, mfalme wa Karagwe, pale Bweranyange, na mwanzoni mwa 1862 akauvuka Kagera. Kutoka juu ya vilima vya Karagwe alioneshwa kwa mbali vilele vyenye ncha upande wa magharibi, vilivyojulikana kama Mfumbiro. Ndivyo volkano za Virunga.

Jina hilo la Mfumbiro liliingia kwenye siasa kwa namna ya kuchekesha. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki, na mstari wao magharibi ya ziwa ukawekwa kwenye latitudo ya digrii 1 kusini mwa ikweta. Waingereza wakadai kifungu cha ziada: iwapo Mlima Mfumbiro utaonekana uko kusini ya mstari, basi mstari upinde ili mlima ubaki kwao. Waliokuwa mezani hawakujua kama Mfumbiro ni mlima mmoja au mingi, wala uko wapi hasa. Ilichukua miaka 20, hadi mwaka 1910, ndipo Wajerumani, Waingereza na Wabelgiji wakagawana zile volkano.

Kwetu mstari ulibaki ulivyochorwa kwa rula. Kuanzia ziwani unakwenda magharibi umenyooka hadi unapokutana na Kagera, kisha mpaka unafuata mto. Matokeo yake kuna kipande cha Tanzania, Mutukula na nyanda za Missenyi, kilichokaa kati ya mstari na ule mpindo wa mto. Ni chetu kisheria, lakini kimewekwa ng'ambo ya mto mpana wenye madaraja ya kuhesabika. Watu wa Mwanza wenye umri mkubwa wanakumbuka gharama yake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, yakafika kingo za Kagera, na Amin akatangaza kwamba eneo lote kaskazini ya mto, takribani kilomita za mraba 1,800, ni la Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa haki. Tanzania ilijibu kwa vita vilivyofika Kampala Aprili 1979, na mwaka huo Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina kuwa Kagera. Hatuna haja ya kusimulia vita upya. Tunasema tu kwamba rula iliyochora mpaka haikuyaona maji, na Afrika, kwa azimio la Cairo la mwaka 1964 ambalo Mwalimu Nyerere alilisimamia, ilikubali kuishi na mistari hiyo kwa sababu kuigusa kungeleta vita kila kona. Sawa. Lakini kukubali mpaka si ruhusa ya kuacha kuliangalia bonde zima.

Na bonde zima ni takribani kilomita za mraba 60,000, katika nchi nne. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani. Tusipige chumvi: sehemu kubwa ya maji ya ziwa, kama asilimia 80, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Maji yalipopanda Mei 2020 hadi kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kuandikwa, yakaingia kwenye nyumba na mialo ya ufukwe wetu, chanzo kikuu kilikuwa mvua kubwa za msimu ule, wala haikuwa mto mmoja. Mvua ya ziwani, lakini, haibebi udongo wa shamba la mtu. Mto unabeba. Unabeba pia mbolea, na kila kilichooshwa kwenye miteremko ya Rwanda, Burundi na Tanzania.

Gugumaji ni ushahidi wa wazi. Lilionekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na Kagera ulikuwa mlango wake mkubwa. Kwa miaka mingi mto uliendelea kulishusha kwa mafungu mafungu, likasambaa, likaziba bandari, mialo na mabomba. Wavuvi walilikatakata kwa mapanga. Wataalamu wakaachilia fukusi wa kulila. Lilipungua, lakini halijaisha, na kila tunapolisafisha Ghuba ya Mwanza bila kuuliza juu ya mto tunafanya kazi ambayo itabidi irudiwe.

Mwaka 1994 mto ulileta jambo baya kuliko gugu lolote. Miili ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda ilitupwa Nyabarongo na Kagera, ikapita Rusumo, ikafuata ule mzunguko wote wa mto hadi ziwani. Wavuvi wa Uganda waliiopoa, ikazikwa Kasensero, pale mto unapoingia ziwani. Walaji wakaacha kununua samaki. Siku zile vilima vya Ngara navyo vilipata mzigo wake: Aprili 28 na 29, ndani ya saa 24, wakimbizi karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo, wakapiga kambi Benaco. Watu wale walihitaji kuni na miti ya kujengea, wakakata kilichokuwa karibu. Nani angewalaumu? Ila mlima uliovuliwa miti hauulizi nani aliikata. Mvua inaponyesha, udongo unashuka.

Hapo ndipo mafunjo yanapoingia katika hoja yetu. Vile vinamasi vya Kagera, ambavyo msafiri huviona kama nchi iliyopotea bure, vinafanya kazi ambayo hakuna mtambo tunaoweza kuununua ungeifanya. Maji ya mafuriko yanapoingia humo hupunguza kasi, tope linatua kwenye mizizi, na mto unatoka upande wa pili ukiwa mpole kidogo. Kinamasi kikikaushwa ili kulimwa mpunga au mboga, faida ya msimu mmoja ni ya mwenye shamba, na tope la miaka inayofuata ni la ziwa zima. Tope ziwani maana yake ni maji mazito yenye rutuba nyingi kupita kiasi, mwani wa kijani unaoganda ghubani, na mitambo ya kusafisha maji ya Capri Point na Butimba inayohitaji dawa zaidi. Mwenye bomba ndiye anayelipa.

Hatuwanyooshei vidole watu wa vilimani. Mkulima wa Kyerwa analima mteremko kwa sababu mteremko ndio alionao. Amekaa mbali na soko la nchi yake, na karibu sana na la jirani. Kahawa yake kwa miaka mingi imevuka kwa magendo kwenda Uganda pale Murongo na kwingineko, bei ya ng'ambo ikiwa nzuri. Na akibanwa na ada ya shule hulazimika kuiuza ikingali maua mtini, biashara inayoitwa butura huko, kwa bei ambayo ni aibu kuitaja. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia achimbe makinga maji kwa hisani yake ili samaki wa Ilemela wapate maji safi. Anahitaji kulipwa, au walau kusaidiwa miche na nguvu kazi.

Wala sisi si wasafi wa kutoa mahubiri. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji letu, na kila mtu anajua unachokibeba hadi ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ziwa au mto. Tembea ufukweni ukiwa na kamba ya kupimia, uone.

Kuna mambo mema yaliyofanyika kule. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya zamani yalipandishwa hadhi na kuwa hifadhi za taifa: Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba zaidi ya 4,000, pamoja na Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Watu wengi waliziona kama mradi wa kuvutia watalii, na kwa watalii safari bado ni ndefu. Kwetu faida yake kubwa ni kwamba miteremko na mabonde mapana yatabaki na majani yake. Rusumo nako kumejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawa kwa sawa. Huo ni mfano wa kuigwa, na una funzo la kibiashara: mtambo wa namna hiyo hauyapendi matope, hivyo nchi tatu sasa zina sababu ya kifedha ya kuutunza mto.

Ushirikiano wa bonde hili umewahi kujaribiwa. Agosti 1977, Rusumo, nchi hizo tatu zilisaini mkataba wa kuanzisha shirika la pamoja la bonde la Kagera, makao yake Kigali; Uganda ikajiunga mwaka 1981. Mipango ilikuwa mikubwa: mabwawa, reli, barabara. Fedha hazikuja, vita vikaja, na mwaka 2004 shirika likavunjwa. Leo kazi hiyo imeangukia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye ofisi Kisumu, na kwa upande wa Tanzania, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Bodi hiyo iko hapa hapa Mwanza.

Kwa hiyo tuna la kuiambia, na hatuhitaji kupanda ndege kwenda kulisema. Kwanza, Bodi inatoza ada za matumizi ya maji. Wanaochota kwa wingi ziwani, viwanda vya samaki, migodi na mamlaka za maji, wanalipa. Sehemu ya fedha hizo itengwe wazi wazi kwa ajili ya makinga maji na miti kwenye miteremko ya Ngara, Karagwe na Kyerwa, na wakulima walipwe kwa mita ya tuta lililochimbwa na kutunzwa. Pili, halmashauri za kule zisipewe kibali cha kukausha kinamasi chochote cha Kagera hadi Bodi iseme kwa maandishi kwamba mto utavumilia. Tutasikia malalamiko kwamba tunazuia kilimo. Yapo mabonde mengine ya kulima. Kichujio cha ziwa ni hicho kimoja.

Tatu, na hili halihitaji fedha nyingi. Kyaka kuna kituo cha kupimia mto ambacho kumbukumbu zake ni za miongo mingi. Hapo ndipo Kagera unapopita ukiwa umekwisha kukusanya karibu kila kitu, kabla haujatoka nchini. Kila masika na kila vuli, kiasi cha maji na kiasi cha tope kinachopita Kyaka kitangazwe hadharani, kwa Kiswahili, na kibandikwe Mwaloni Kirumba na katika mialo yote mikubwa, karibu na ubao wa bei za dagaa na sangara. Wavuvi watajua kukisoma haraka kuliko maofisa. Gazeti hili litatuma mwandishi kwenye ofisi za Bodi kila masika, na swali lake litakuwa lile lile: mwaka huu Kyaka imepitisha tope kiasi gani?